Kuchagua Vitabu na Filamu za Historia ya Marekani kwa Shule ya Nyumbani ya Kikristo: Mwongozo Kamili

Kufundisha watoto nyumbani kumekuwa halali katika majimbo yote 50 ya Marekani tangu 1993, na soko la vitabu na filamu kwa ajili ya familia za Kikristo limekua mno. Tatizo la mzazi si uhaba, ni wingi. Mzazi aliyesomea Mwanza, Eldoret au Bukavu ana tatizo la ziada: historia hii hakufundishwa shuleni, kwa hiyo akipewa kitabu chenye jalada zuri na aya za Biblia ndani yake, hana cha kukipimia. Mwongozo huu unampa vipimo hivyo.

Kabla ya kununua chochote, amua unapima kwa kanuni gani. Tunashauri uichukue kwenye Biblia yenyewe. Biblia haikumficha Daudi. Sura ya 11 ya 2 Samweli inaeleza habari za Bathsheba na Uria bila kupunguza kitu, na Mathayo anaigusa tena habari hiyo katikati ya ukoo wa Yesu. Kitabu cha historia kinachowafanya waasisi wa Marekani kuwa watakatifu wasio na doa kimeshindwa kipimo hicho. Kitabu kinachodai kwamba hakuna aliyekuwa na imani ya kweli, kwamba dini ilikuwa kisingizio tu cha mali, nacho kimeshindwa. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo inawahusu waliokufa pia, wa pande zote mbili.

Hatua ya 1: Gawa mwaka kabla ya kuchagua vitabu

Mwaka wa masomo kwa kawaida una wiki 36. Kosa linalojirudia ni kupenda mno kipindi cha mwanzo: Mayflower, meli iliyoleta walowezi Waingereza mwaka 1620, inachukua miezi miwili, Mapinduzi dhidi ya Uingereza miezi mitatu, kisha inafika Mei na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe havijaguswa. Mtoto anamaliza mwaka akidhani Marekani iliishia 1800. Anza na mgawanyo huu, kisha urekebishe:

- Wenyeji wa asili na kuja kwa Wazungu, hadi 1607: wiki 3
- Makoloni, 1607 hadi miaka ya 1730: wiki 4
- Uamsho wa kiroho, Mapinduzi na Katiba, hadi 1791: wiki 5
- Utumwa, kuhamishwa kwa wenyeji na upanuzi wa magharibi, hadi 1860: wiki 6
- Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na ujenzi mpya, 1861 hadi 1877: wiki 5
- Viwanda na wahamiaji, hadi 1914: wiki 4
- Vita vikuu viwili na mdororo wa uchumi, hadi 1945: wiki 4
- 1945 hadi sasa, pamoja na harakati za haki za kiraia: wiki 3

Wiki 2 zinabaki bila kazi. Ziache hivyo hivyo. Ugonjwa, kuhama nyumba na wageni vitazihitaji.

Kila kipindi kinahitaji vitu vinne tu: sehemu ya kitabu cha msingi, kitabu kimoja cha hadithi au wasifu, hati moja au mbili za watu wa wakati huo, na filamu moja au vipande vyake. Ukizidisha, hamtamaliza, na kitakachoachwa njiani mara nyingi ni hati, ambazo ndizo zenye faida kubwa kuliko vyote.

Hatua ya 2: Pima kitabu cha msingi kwa kurasa sita

Kitabu cha msingi ni kile kinachobeba mfululizo wa mwaka mzima. Usikisome chote kabla ya kukinunua. Fungua faharasa ya nyuma, au sampuli ya mtandaoni, na utafute mambo haya sita.

Kwanza, mwaka 1619. Agosti ya mwaka huo Waafrika zaidi ya 20, waliotekwa Angola, walifikishwa Virginia, mwaka mmoja kabla ya Mayflower. Angalia sentensi yenyewe. Kitabu kikisema tu kwamba "watumwa walikuja," kimewaondoa waliowateka, waliowauza na waliowanunua. Mwandishi makini hutaja nani alifanya nini.

Pili, Mayflower. Abiria walikuwa 102, na wengi wao hawakuwa wa lile kanisa la Waingereza waliokuwa wamekimbilia Leiden, Uholanzi. Takriban nusu walikufa kufikia masika ya 1621. Tisquantum, mwenyeji wa asili aliyewasaidia kupanda mahindi, alikuwa ametekwa na nahodha Mwingereza mwaka 1614 na kupelekwa Hispania kuuzwa. Aliporudi 1619 alikuta kijiji chake cha Patuxet kimekwisha kwa maradhi. Vitabu vingi vya watoto vinaanza habari zake pale anapotokea kwa wageni akizungumza Kiingereza, bila kusema alikijuaje.

Tatu, Thomas Jefferson, mmoja wa waasisi na rais wa tatu. Yeye alizikata Injili kwa wembe na kuandaa kitabu chake bila miujiza wala ufufuo, kazi aliyoikamilisha yapata 1820. Kitabu kinachomwonyesha kuwa Mkristo wa kawaida kinakudanganya. Hili si dogo: mwaka 2012 mchapishaji mkubwa wa Kikristo alikiondoa sokoni kitabu chake kimoja kuhusu Jefferson, baada ya wasomi, wakiwemo Wakristo, kuonyesha makosa yaliyomo. Jina la mchapishaji wa Kikristo peke yake halitoshi kuwa dhamana.

Nne, Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili. Waliondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao 1838 na 1839, na inakadiriwa watu 4,000 walikufa. Kitabu bora kitamtaja pia Samuel Worcester, mmisionari aliyekubali kufungwa gerezani Georgia mwaka 1831 badala ya kuapa utii kwa sheria za jimbo hilo katika nchi ya Wacherokee. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria hizo hazikuwa na nguvu huko. Hapa mtoto anaona serikali ya nchi ya Kikristo ikitenda dhuluma na Mkristo akisimama dhidi yake, katika sura moja.

Tano, mwaka 1845. Wabatisti wa Kusini walijitenga na wenzao wa Kaskazini kwa sababu ya utumwa, na mwaka 1995 wakaomba radhi rasmi. Tafuta kama kitabu kinaitaja sababu, au kinasema tu "walitofautiana."

Sita, makanisa ya Waafrika-Wamarekani. Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa, aliunganisha makutaniko na kuanzisha kanisa la AME (African Methodist Episcopal) mwaka 1816 baada ya Weusi kudhalilishwa wakiwa kwenye maombi katika kanisa la Kimethodisti la Philadelphia. Kitabu cha "historia ya Kikristo ya Marekani" kisichomtaja hata mara moja hakijaandika historia ya Wakristo wote wa Marekani.

Kitabu kikipita vinne kati ya hivyo sita, kinatumika. Mapengo mawili utayaziba kwa hati. Kikipita viwili au pungufu, kirudishe rafuni hata kama bei ni nzuri. Angalia pia mwaka wa toleo, na kama kuna tanbihi za kuonyesha habari zilikotoka. Kitabu kilichojaa nukuu za waasisi bila kusema zimetoka barua gani wala tarehe gani hakifai, kwa sababu nukuu nyingi zinazozunguka kwa jina la George Washington hazimo popote katika maandishi yake. Maandishi ya waasisi yanapatikana bure katika tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani. Ingiza maneno matano ya nukuu hiyo na utafute. Hadithi ya Washington mtoto na mti wa mcheri nayo haina shahidi: iliingizwa na Mason Weems katika toleo la 1806 la wasifu aliouandika yeye mwenyewe.

Hatua ya 3: Vitabu vya hadithi na wasifu

Hivi ndivyo vitabu ambavyo mtoto atavikumbuka akiwa mtu mzima, basi usivichague kwa haraka.

Pima ugumu kwa ukurasa mmoja wa katikati. Mtoto asome kwa sauti na kukunja kidole kila anapokwama kwenye neno. Vidole vitano vikikunjwa, kitabu hicho ni cha kusomewa na mzazi, si cha kusoma peke yake. Kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, tofauti kati ya anachoelewa kwa kusikia na anachoweza kusoma ni kubwa, kwa hiyo kumsomea kwa sauti si kumdekeza. Kisha piga hesabu: kurasa 240 kwa kurasa 12 kwa siku ni siku 20, yaani wiki 4 za masomo. Kama kipindi hicho kina wiki 4 tu, hakuna nafasi ya kitabu cha pili.

Johnny Tremain ya Esther Forbes, iliyotoka 1943, bado ni chaguo zuri la Mapinduzi kwa miaka 10 hadi 13. Shujaa wake ni mwanafunzi wa mfua fedha mwenye kiburi, anaungua mkono kwa fedha iliyoyeyuka, na mambo makubwa ya Boston yanamkuta akiwa na uchungu wake mwenyewe. Kiburi na unyenyekevu vimo ndani ya hadithi bila kuhubiriwa. Udhaifu wake ni kwamba kilio cha uhuru kinasikika huku watu Weusi wa Boston wakiwa pembeni. Kiambatanishe na mashairi ya Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston, na kitabu chake kikachapishwa London mwaka 1773.

Vitabu vya Laura Ingalls Wilder, kuhusu utoto wake katika familia ya walowezi, vinapendwa sana na familia za Kikristo. Vitumie, lakini ujue kwamba Little House on the Prairie ya 1935 ilikuwa na sentensi isemayo nchi ile haikuwa na watu, Wahindi tu; mchapishaji aliibadilisha mwaka 1953. Eneo lenyewe lilikuwa ardhi ya Waosage, wenyeji wa asili, huko Kansas, na familia ya Laura ilijenga hapo bila haki. Mweleze mtoto hayo kabla ya sura ya kwanza. Mtoto wa familia ambayo babu zake walinyang'anywa mashamba na walowezi ataelewa haraka kuliko unavyotarajia.

Hatua ya 4: Hati

Hati ni fupi, ni za bure, na zinamfundisha mtoto kupima wengine wote. Barua ya Edward Winslow, mmoja wa abiria wa Mayflower, ya Desemba 1621 ndiyo ushahidi mkuu wa ile sherehe ya mavuno inayohusishwa na Thanksgiving: inamtaja Massasoit, kiongozi wa wenyeji, na watu wake wapatao 90, siku tatu za kula, na kulungu watano walioletwa na wageni hao. Aya hiyo inasomeka kwa dakika tatu. Mpe mtoto aisome, kisha afungue kitabu chochote cha picha kuhusu sikukuu ya Thanksgiving na aorodheshe yaliyoongezwa.

Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni mahojiano zaidi ya 2,300 ya watu waliowahi kuwa watumwa, yaliyofanywa kati ya 1936 na 1938. Chagua mwenyewe kabla ya kumpa mtoto, kwani mengine ni mazito. Kumbuka pia kwamba wengi waliohoji walikuwa Wazungu wa Kusini, na mzee Mweusi wa wakati ule alichagua maneno yake kwa tahadhari.

Familia inayozungumza Kiswahili iongeze somo moja ambalo mitaala hailitoi. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na 1837 konseli wa Marekani akafungua ofisi Unguja. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta merikani iliyofumwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini, na zikarudi na pembe za ndovu, ambazo viwanda vya Connecticut vilizigeuza kuwa vitufe vya piano. Mwaka 1840 meli ya Sultana ilitia nanga New York ikitoka Unguja. Somo hili liweke katika zile wiki 6 za kabla ya 1860.

Hatua ya 5: Filamu

Alama za umri, yaani G, PG, PG-13 na R, zinapima damu, matusi na uchi. Hazipimi ukweli. Katuni ya Pocahontas ya 1995 ina alama ya G, na imepotosha karibu kila kitu: msichana halisi, binti wa chifu wa wenyeji wa Virginia, alikuwa na umri wa miaka kama 11 Waingereza walipofika 1607, hakuwa mchumba wa John Smith, alibatizwa kwa jina la Rebecca, akaolewa na John Rolfe mwaka 1614 na kufa Uingereza 1617. Glory ya 1989, kuhusu askari Weusi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ina alama ya R na iko karibu zaidi na ukweli. Kwa hiyo kila filamu inahitaji maswali mawili tofauti: je, mtoto wangu ataibeba? Na je, ni kweli?

Utaratibu ni huu. Itazame filamu yote peke yako, ukiwa na karatasi, na uandike saa na dakika za kila tukio la kuruka. Usitegemee kumbukumbu, kubonyeza vitufe kwa papara mtoto akiwa amekaa mbele ya skrini ndiko kunakomfanya atake kuona kilichorukwa. Washa maandishi ya chini. Onyesha dakika 25 hadi 30 kwa siku, si zaidi, na usimamishe angalau mara moja kuuliza. Na filamu isitangulie kitabu kamwe. Picha ya kwanza kuingia kichwani ndiyo inayokaa, na ikiwa ya uongo utahangaika kuitoa.

Kila mtoto awe na karatasi ya safu tatu: yaliyotokea, yaliyobuniwa, yasiyojulikana. Safu ya tatu isiachwe. Inamzoeza kukubali kwamba mazungumzo ya faraghani mara nyingi hakuna aliyeyaandika.

Filamu za kuepuka au kutumia kwa uangalifu mkubwa: The Birth of a Nation ya 1915, inayowatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi lililowatisha na kuwaua Weusi, isionyeshwe kwa mtoto kabisa. Gone with the Wind ya 1939 inaonyesha watumwa wanaoridhika na hali yao. The Patriot ya 2000 ina tukio la Waingereza kuwachoma watu wakiwa hai ndani ya kanisa, jambo ambalo halikutokea katika Vita vya Mapinduzi, na shamba la shujaa linalimwa na Weusi walio huru, jambo lisiloendana na South Carolina ya wakati ule. Familia nyingi za Kikristo huipenda kwa sababu shujaa anasali. Sala ndani ya filamu haigeuzi uongo kuwa kweli.

Kwa watoto wadogo, filamu ya televisheni ya 1998 kuhusu Ruby Bridges inafaa: msichana wa miaka 6 aliyeingia shule ya Wazungu New Orleans tarehe 14 Novemba 1960, na aliyewaombea waliokuwa wakimzomea. Matusi ya kibaguzi yanasikika ndani yake, basi yaeleze kabla, si baada.

Mfano: wiki mbili, miaka 13 na kuendelea

Kitabu ni Narrative of the Life of Frederick Douglass cha 1845, ambamo Douglass, aliyetoroka utumwani, anasimulia maisha yake mwenyewe. Kina sura 11 na nyongeza, na kinapatikana bure. Kisome wewe kwanza. Sura ya 1 ina tukio la shangazi yake kuchapwa viboko, lenye dokezo la uzinzi.

Siku ya 1, sura 1 hadi 3. Siku ya 2, sura 4 hadi 6. Siku ya 3, sura 7 na 8. Siku ya 4 ni sura ya 9 peke yake. Hapo Douglass anaeleza jinsi bwana wake, Thomas Auld, alivyookoka kwenye mkutano wa Wamethodisti mwaka 1832 na kuwa mkatili kuliko kabla, akimchapa mtumwa wa kike mlemavu huku akinukuu Luka 12:47. Fungueni Biblia ya Kiswahili, msome Luka 12:35 hadi 48 yote. Muulize mtoto Yesu anasema na nani, na mstari wa 48 ungemwambia nini Auld. Usiharakishe jibu. Siku ya 5, sura ya 10, ambayo ni ndefu kuliko zote. Siku ya 6, sura ya 11 na nyongeza. Nyongeza isirukwe hata kidogo: hapo Douglass anatenga Ukristo wa Kristo na dini ya wenye watumwa. Mtoto akiikosa anaweza kufunga kitabu akidhani mwandishi aliikataa imani.

Siku ya 7, 8 na 9, vipande vya Glory, filamu ya kikosi cha 54 cha Massachusetts. Onyesha uandikishaji, mgomo wa mshahara na maombi ya usiku wa kabla ya shambulio la Fort Wagner, Julai 18, 1863. Kwenye safu ya yaliyobuniwa mtoto anapaswa kupata mambo haya: filamu inawaonyesha wengi wa askari kuwa watumwa waliotoroka, ilhali wengi walikuwa watu huru wa Kaskazini, na adhabu ya viboko ilikuwa imeshafutwa jeshini mwaka 1861. Mwana wa Douglass, Lewis, alipigana Fort Wagner, na barua yake kwa mchumba wake, ya Julai 20, 1863, ipo. Isomeni baada ya kipande cha mwisho.

Siku ya 10, hotuba ya Rais Lincoln ya kuapishwa mara ya pili, Machi 4, 1865. Ina maneno yapatayo 700. Mtoto aisome akiwa na kalamu, apigie mstari kila panapotoka Biblia, kisha atafute kwa Kiswahili: Mwanzo 3:19, Mathayo 7:1, Mathayo 18:7 na Zaburi 19:9. Akimaliza, aandike nusu ukurasa: Lincoln anasema pande zote mbili zilisoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, anatoa hukumu gani juu ya hilo?

Gharama na kumbukumbu

Usinunue kabla ya kuuliza maktaba ya mtaa. Kadi ni ya bure, na maktaba isipokuwa na kitabu inaweza kukiazima kwa niaba yako kutoka maktaba nyingine. Omba mapema, wiki tatu au nne kabla ya siku ya kukihitaji. Kadi hiyo hiyo mara nyingi inafungua huduma za filamu mtandaoni. Vitabu vilivyochapishwa Marekani kabla ya 1929 havina tena hakimiliki, kwa hiyo usilipie toleo la kidijitali la Douglass wala la hotuba za Lincoln. Pesa uliyonayo iende kwenye kitabu cha msingi na atlasi ya kihistoria yenye ramani nzuri.

Sheria hutofautiana kwa jimbo. Texas haidai usajili. Pennsylvania inataka jalada la kazi za mtoto likaguliwe kila mwaka, na New York inataka ripoti nne kwa mwaka. Popote ulipo, tunza daftari moja: tarehe, jina la kitabu na mwaka wa toleo, kurasa zilizosomwa, filamu na dakika zilizoonyeshwa, na karatasi za safu tatu zikiwa zimebanwa nyuma. Andika siku hiyo hiyo. Daftari linalojazwa kwa kumbukumbu mwezi Juni huwa na makosa, na mkaguzi mzoefu huyaona.